Daftari la Mfukoni Si Ushamba

Nimeambiwa tena wiki hii, na kijana ambaye tungo zake nazipenda, kwamba kutembea na daftari mfukoni ni ushamba, simu inatosha. Nakataa.

Mtunzi huhesabu mizani, hukata, hutupa kina kisha akakijutia. Kwenye karatasi, neno lililokatwa kwa mstari mmoja bado lasomeka chini ya wino. Kwenye simu limekufa bila kaburi. Tena simu yenyewe hujitia ualimu: andika "bamvua", ikupe neno la Kiingereza usiloliomba. Nimesahihisha insha za kidato cha nne miaka mingi, wala sikuthubutu kumfutia mtoto neno kabla hajalimaliza.

Sisemi shajara ya kumwaga machozi. Nasema mistari mitano kila jioni: tarehe, upepo, bei ya samaki, neno ulilolisikia, na nani kalisema, wapi. Hilo la mwisho wengi hulidharau, nalo ndilo zito. Neno lisilo na msemaji ni yatima; hujui kama ni la Pemba, la Mtang'ata, au ni ulimi tu ulioteleza.

Muyaka bin Haji, aliyetunga juu ya mambo ya kila siku ya Mombasa, alifariki yapata 1840. Diwani yake ilichapwa 1940. Katikati ya miaka hiyo mia palikuwa na vifua vya watu, na mkono wa Mwalimu Sikujua aliyemsaidia William Taylor kuzikusanya na kuzinakili tungo zile.

Mtasema karatasi huliwa na mchwa. Kweli, yangu yameliwa. Lakini mchwa huacha masalio. Simu yangu ilipoharibika mwaka juzi, fundi alinirudishia ikiwa tupu kama ilivyotoka dukani. Humo mlikuwa na maneno ya uvuvi niliyoyapokea kwa mjomba wangu kwa miezi minane, naye alikwisha kufariki. Nayakumbuka matatu.

Daftari la 1989 limetobolewa pembe zote. Katikati, kwa penseli, bado nasoma: "Alhamisi, 17 Agosti. Bamvua. Mama kasema mvua hii ni ya mchoo, tusiihesabu kuwa vuli."