Umeokoka mara ngapi, mshikaji?

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mavazi, tuguse jambo linalowanyima usingizi vijana kibao wa mjini, ingawa wakiwa kijiweni wanajifanya kulicheka.

Kila mtaa una jamaa wa aina hii. Mkutano wa Injili ukipigwa Jangwani, yumo mbele, mikono juu, machozi yanamtoka, anaongozwa sala ya toba. Miezi mitatu anatembea na Biblia kwapani. Halafu siku anakutana na washkaji wa zamani, bia mbili, bia tano, asubuhi anaamka kwenye chumba asichokijua. Mkutano mwingine ukija, yumo mbele tena. Ndipo watu wanamtania: "Kaka, hii ni mara ya ngapi?"

Utani ni utani, lakini swali lina uzito wake. Aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu? Na ukipotea, unarudi?

Usidhani ni kasheshe ya walokole wa leo. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya dola na wapewe cheti cha kuthibitisha. Ukigoma, jela au kifo. Kule Karthago, Afrika ya Kaskazini, mahali ambapo leo ni Tunisia, Wakristo wengi walisalimu amri. Wengine wakajifanya wajanja: sadaka hawakutoa, ila walimpenyezea ofisa kitu kidogo wakapata cheti hivyo hivyo. (Naam, mambo ya kitu kidogo hayakuanzia kwetu.)

Mateso yalipopoa, watu wale wale wakarudi kugonga mlango wa kanisa. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyetoka jela na makovu mgongoni, anamwona jirani yake aliyemkana Kristo kweupe anataka kukaa benchi moja naye. Askofu Cyprian na wenzake walikutana mwaka 251 wakaamua kwamba wanaweza kupokewa, lakini si kwa haraka. Wa vyeti vya kununua watubu kwanza, waliotoa sadaka wakae kwenye toba muda mrefu zaidi. Kule Roma padri mmoja, Novatian, akasema hapana, aliyemkana Kristo aachiwe Mungu mwenyewe, kanisa lisimpokee tena. Akajitenga na watu wake. Usije ukadhani Cyprian alikuwa mlegevu wa imani. Mwaka 258 yeye mwenyewe alikatwa kichwa kwa kukataa kumkana Kristo.

Karne zikapita, moto ukawaka tena Uholanzi. Wafuasi wa Arminius walitoa hoja zao mwaka 1610, na kwenye swali letu hili walikiri kwamba Maandiko yachunguzwe zaidi kabla ya kufundisha lolote kwa uhakika. Wafuasi wa Calvin hawakungoja. Kwenye sinodi ya Dordrecht ya 1618 hadi 1619 wakapitisha kwamba mteule wa Mungu anaweza kuanguka, tena vibaya kama Daudi na Petro, lakini Mungu hamwachi apotee moja kwa moja.

Kwa hiyo hapa mjini jibu linategemea unasali wapi. Wabaptisti wengi watakwambia ukiokoka kweli umeokoka. Mkatoliki anafundishwa kuwa dhambi ya mauti inaondoa neema, na kitubio kinairudisha. Walutheri wana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linalowapinga wanaosema mtu akishahesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Assemblies nao wanafundisha kuwa unaweza kuupoteza. Marafiki wanne waliokaa meza moja ya chipsi wanaweza kuwa na majibu manne.

Kila upande una Biblia yake mkononi. Mmoja anafungua Yohana 10, kondoo walio mkononi mwa Yesu hawanyakuliwi na mtu. Mwenzake anamjibu: kunyakuliwa sawa, je akitoka mwenyewe kwa miguu yake? Mwingine anapiga Waebrania 6, wale walioonja kisha wakaanguka. Sura hiyo imewatesa vijana wengi ile mbaya. Lakini ukiisoma barua nzima, utaona inaongea na watu waliokuwa wanashawishika kuachana na Kristo kabisa kwa sababu ya mateso. Kijana aliyelewa Jumamosi na Jumapili anajuta hadi hawezi kula, huyo ni habari nyingine.

Mimi naona wanaopotosha ni wa aina mbili. Kuna anayesema nimeshaokoka, kwa hiyo Jumamosi ni yangu. Huyo asimsingizie Calvin, maana Calvin hakufundisha hivyo. Halafu kuna anayehesabu wokovu kama umeme wa luku, umekatika asubuhi, umerudi jioni. Huyo naye hana mwalimu wa maana nyuma yake.

Tofauti yenyewe inauma usiku, taa zikizimwa. Wa upande wa kwanza akianguka anajiuliza, "Hivi niliwahi kuokoka kweli?" Wa upande wa pili anajiuliza, "Bado nimo?" Hofu ni mbili, kitanda ni kile kile. Na hatari kubwa zaidi iko kwa yule anayejisemea kwamba ameshaharibu, basi aharibu vizuri. Nimewaona. Kosa la usiku mmoja wamelifanya la miaka sita, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba Petro, baada ya kukana mara tatu, alirudishiwa kazi ya kulisha kondoo.

Kama ni wewe, usisubiri mkutano mwingine wa hadhara. Mchungaji wako yupo hata Jumatano. Mkatoliki anajua kitubio kinafanyika wapi na saa ngapi. Mlokole ana kikundi chake cha kuombea.

Kuhusu wale wanaotaka bahasha nono kwanza ndipo wakuombee urudi kundini, hao nawaweka kiporo cha wiki ijayo.