Mbio ambazo wazee hutangulia
Kule California, kila Juni, wakimbiaji huondoka mji mdogo wa Mill Valley, hupanda ngazi zenye vidato karibu 700, huvuka mabega ya Mlima Tamalpais na kuteremkia ufuko wa Stinson Beach kwenye Bahari ya Pasifiki, mwendo wa kilomita 12 hivi. Mbio hizo huitwa Dipsea, na zilianza mwaka 1905. Mlima ni mkali kweli, lakini kinachonivutia ni namna wanavyoanza: wazee na watoto hutangulizwa kwa dakika zinazopangwa kulingana na umri na jinsia, kisha vijana wenye nguvu huachiwa mwisho kabisa wawafukuzie. Anayefika kwanza ndiye bingwa, basi. Ndivyo alivyoshinda msichana wa miaka 8 mwaka 2010, na mzee wa miaka 72 mwaka 2012. Wapo wanaouita utaratibu huu upendeleo. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kijana anayeutaka ushindi lazima awapite mamia ya watu kwenye vijia vyembamba vya mlimani, na huyo mzee naye hakubebwa na mtu. Mkimbiaji mmoja, Jack Kirk, alizikimbia mbio hizo mara 67 mfululizo, hadi akavuka miaka 90! Wanawake ndio waliocheleweshewa haki: shindano lao la 1918 lililazimika kuitwa matembezi, na waliruhusiwa rasmi mwaka 1971 tu. Waandaaji wa mbio zetu za pwani wakiujaribu utaratibu huu wa kuwatanguliza wazee na watoto, hata kwa mwaka mmoja, nitajiandikisha siku ya kwanza.