Usiwe Mkristo Ambaye Hakuna Anayemkosa

Ndugu zangu wa Kawangware, na nyinyi wa Kibera, nawaandikia kwa haraka. Jumapili asubuhi, chumba cha mabati pale Gatina: simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mhubiri ananguruma, na chini ya kioo inapita namba ya kutuma sadaka ya mbegu. Ibada ikiisha simu inarudishwa kwenye chaji. Hakuna aliyejua kwamba mwenye chumba ana homa tangu Jumatano. Hakuna aliyejua pia kwamba ameambiwa auze vitu vyake, kuna mahali watakatifu wanahamia.

Corona ilipofunga makanisa Machi 2020, simu ilitufaa. Julai milango ilifunguliwa kwa watu 100 na saa moja ya ibada, ila wapo ambao mpaka leo hawajarudi, na hao ndio wanaonitia hofu.

Shakahola tunaijua. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ule wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo mingi ya watoto. Walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, na upande wa mashtaka unasema waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Yeye alikana mashtaka. Tukasema yamekwisha. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo.

Hebu tazama watu wa Shakahola walivyofika huko. Mahubiri yaliwafuata kwa runinga na mtandao mpaka kaunti za mbali na bahari. Wakafundishwa kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, vitambulisho vya serikali ni vya shetani. Mtoto akatolewa darasani, basi mwalimu hamjui tena. Mgonjwa akaacha kliniki. Ndugu waliouliza wakaitwa wapinga imani. Kufikia siku ya kupanda basi, wengi hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono na kuwaambia, mama, huendi.

Wengi wetu hapa tulitoka Vihiga, Kisii, Murang'a, Machakos. Shangazi hayuko karibu, na mwenye nyumba anakukumbuka tarehe tano. Kwa hiyo kanisa la mtaani ndilo ukoo wetu wa Nairobi. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo inakutana sebuleni kwa mmoja wao. Ukikosa mara mbili, mtu anabisha. Kanisa la PCEA kuna mzee anayejua mlango wako. Hata kanisa la mabati lenye viti ishirini vya plastiki, mama anayeketi nyuma yako ataona umekonda, na atakuuliza mbele ya watoto wako kama unakula. Msiba ukitokea, hao hao ndio wanaochanga mpaka jeneza lifike nyumbani. Waraka kwa Waebrania unatukataza kuacha kukusanyika, na naamini mwandishi wake alijua mtu akibaki peke yake anapatwa na nini.

Utaniambia Mackenzie naye alikuwa na kanisa. Ni kweli, tena lililosajiliwa, huko Malindi, kabla ya kutangaza mwaka 2019 kwamba amelifunga. Cheti ukutani hakitoshi. Uliza kama wazee wanaweza kumwambia mchungaji hapana naye akasikia. Uliza kama hesabu ya sadaka inasomwa. Ukiugua, wanakuombea kisha wanakupeleka hospitali ya Mbagathi, au wanakuficha? Mhubiri anayekukataza kumpigia mama yako simu, mkimbie leo, hata kama alikuombea ukapona.

Nanyi wachungaji, sikilizeni. Wako waliotukimbia kwa sababu tulikuwa tunawaona wakati wa sadaka tu, au kwa sababu walikuja na nguo ile ile wiki tatu watu wakanong'ona. Chukueni orodha ya waliokuwapo kabla ya corona. Gaweni majina kwa wazee na kina mama, mwende nyumba kwa nyumba mitaa ya Congo, Gatina, Kabiro, mpaka kila jina lipate jibu.

Na wewe jirani, ukiona familia inauza vitanda ghafla, watoto hawaendi shule, wanafunga siku baada ya siku na kusema wanahamia mahali pa maombi wasipotaka kupataja, usingoje Jumapili. Ingia uwaulize. Wapigie jamaa zao. Mwambie chifu na polisi siku hiyo hiyo, kabla hawajapanda gari.