MAONI YETU: NYAVU KWANZA, VIDEO BAADAYE



Kwenye mkutano mkuu ujao italetwa hoja kwamba fungu la michezo la Ushirika litumike kununua kamera na televisheni, ili refa wa kombe la vijiji naye awe anaangalia video kabla ya kuamua, kama wanavyofanya Ulaya. Sisi wa gazeti hili la ukutani tumeona tutoe maoni yetu mapema, watu waje mkutanoni wakiwa wameshalifikiria jambo lenyewe.

Kwanza tuseme wazi: video siyo kitu kibaya. Wapo wanaosema eti inaharibu mpira, refa ni refa, akikosea basi. Hatukubaliani nao. Tarehe 22 Juni 1986, kule Mexico, Maradona aliwafunga Waingereza goli la mkono na refa akalihesabu. Tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, Afrika Kusini, Lampard wa Uingereza alipiga shuti likagonga mwamba, mpira ukadunda ndani kabisa ya goli la Wajerumani. Refa akasema mchezo uendelee. Wenye televisheni waliona, mwenye filimbi hakuona. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ushahidi ukiwapo, kuuziba kwa sababu ya heshima ya filimbi siyo haki.

Ndiyo maana mwezi Machi 2018 bodi ya IFAB, inayotunga sheria za kandanda duniani, iliiingiza video katika sheria, na Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo huo likawa la kwanza kuitumia. Lakini tuelewe inavyofanya kazi. Waamuzi wa video hawachunguzi kila faulo. Ilipoingizwa katika sheria mwaka 2018, mambo yao yalikuwa manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa mchezaji siye. Hata hapo, lazima kosa liwe dhahiri, au liwe tukio kubwa ambalo refa hakuliona. Na mwisho wa yote anayeamua ni yule yule refa wa uwanjani. Video inamsaidia refa, haimwondoi.

Sasa hebu tutazame pale mashine ilipokuwapo na ugomvi ukabaki pale pale.

Tarehe 31 Mei 2019, mjini Radès, Tunisia, ilikuwa fainali ya klabu bingwa Afrika, Espérance na Wydad. Wydad walisawazisha, goli likakataliwa. Wakadai video iangaliwe. Video haikuwa inafanya kazi! Wydad wakagoma kuendelea, mchezo ukafia hapo, kesi zikafuata.

Tarehe 30 Septemba 2023, London, Liverpool walifunga goli halali dhidi ya Tottenham. Mshika kibendera akasema ameotea. Waamuzi wa video walidhani uwanjani goli limekubaliwa, wakasema yote sawa. Walipogundua, mchezo ulikuwa umeshaanza tena, hawakuurudisha nyuma. Kamera zilikuwa nzima, mashine ilikuwa nzima. Lililokosekana ni watu kuelewana.

Na hili la nyumbani nani amelisahau? Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, Yanga na Mamelodi Sundowns. Aziz Ki alipiga mpira ukagonga mwamba ukadunda chini. Video ilikuwapo, lakini goli halikuhesabiwa, na Yanga wakatolewa kwa penalti 3 kwa 2. Mpaka leo watu wanabishana kama mpira ulivuka mstari. Basi mwenye kudhani kamera itamaliza ubishi wa hapa kijijini, aanze kwanza kuumaliza huo.

Tena pale Urusi waamuzi wa video walikuwa na kamera zaidi ya 30. Sisi tunazungumzia kamera moja, upande mmoja wa uwanja. Tukio likiwa upande wa pili kwenye kundi la watu, itaona migongo. Halafu nani ataishika? Akiwa wa kijiji chetu, wageni watasema amekata picha. Umeme ukikatika je?

Ndugu, uwanja wetu hauna nyavu. Ubishi wa fainali ya mwezi uliopita haukuwa wa kuotea wala wa mkono. Ulikuwa huu: mpira ulipita ndani ya mlingoti au nje? Swali hilo dunia ililijibu zamani. John Brodie, mhandisi wa mji wa Liverpool, ndiye aliyebuni nyavu za goli, na zilianza kutumika mwaka 1891. Wenzetu walianza na nyavu, video ikaja zaidi ya miaka 120 baadaye. Sisi tunataka kuruka ngazi zote tukamate ya juu!

Lipo jambo kubwa kuliko hilo. Kijana aliyechezesha fainali ile alikimbizwa na watu wazima. Amerudisha filimbi ofisini na kusema hashiki tena, na mpaka leo hajajitokeza mwingine. Hakuna kamera inayopuliza filimbi. Tukikosa refa hatuna kombe, hata tukiwa na televisheni kumi.

Kwa hiyo tunapendekeza fungu litumike hivi: nyavu za magoli yote mawili, chokaa ya mistari kila mechi, vibendera, na posho ndogo kwa wanaovishika, na nauli ya vijana wanne kwenda kusomea urefa wilayani.

Na katika hiyo video kuna somo tunaloweza kulichukua bila senti. Mwaka 2024, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 kule Colombia, FIFA ilijaribu njia nyepesi: kila kocha ana haki ya kuomba mara mbili tukio liangaliwe tena, na refa mwenyewe ndiye anaangalia. Sisi tuseme kila kapteni anaweza mara mbili kumwomba refa awaulize washika vibendera kabla mpira haujaanza tena. Refa akishajibu, yamekwisha. Si ndivyo tunavyofanya kwenye mizani ya pamba? Mkulima akiwa na shaka, mzigo wake unapimwa tena mbele ya macho yake. Hampigi karani.

Siku uwanja utakapokuwa na nyavu, mistari na marefa wanaojua kazi, hoja ya kamera iletwe tena, nasi tutaisikiliza.

Wanachama wote, njooni mkutanoni. Atakayebaki nyumbani asije kulalamika uwanjani.