Machi Hii Tukatazame Ndege

Jumuiya yetu hukutana ukumbini: harusi, msiba, Iddi, Krismasi, kikao cha michango. Tunaomba mwaka huu tukutane pia nje, asubuhi moja ya Machi, tufuatane na mwongozaji wa kutazama ndege kule Walthamstow Wetlands.

Wengi wetu tunapita Ferry Lane kwa basi na kuyaona maji kupitia dirisha tu. Ni mabwawa kumi ya maji ya jiji la London, hekta 211 kwa jumla, yaliyofunguliwa kwa umma Oktoba 2017. Kuingia ni bure.

Kwa nini Machi, na baridi yote hiyo? Kwa sababu miti haijachipua. Ndege akiimba unamwona pale pale tawini. Ukisubiri Mei utaishia kumsikia. Tena huu ndio wakati wa vibisi wenye vishungi kuchumbiana. Dume na jike hukabiliana majini, shingo zimenyooka, wakitikisa vichwa huku na huku. Mwenye bahati huwaona wakizama, kisha wakiibuka na majani mdomoni na kuinuka kifua kwa kifua. Karne ya 19 nusura ndege hawa waishe Uingereza, kwa kuwa manyoya yao yalitakiwa kwa kofia na mavazi. Ni wanawake waliokataa mtindo huo, akiwemo Emily Williamson wa Manchester, walioanzisha mwaka 1889 chama ambacho leo ni RSPB, shirika la kulinda ndege.

Tunasikia ikisemwa kwamba kutazama ndege ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Hatukubaliani kabisa. Mbayuwayu wanaorejea huku kuanzia mwishoni mwa Machi wametoka Afrika. Mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire Mei 1911, akanaswa shambani Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hapo ndipo Waingereza walipopata ushahidi wa safari yake. Na kekeo, anayefika Aprili? Tangu 2011 watafiti wa BTO, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa ndege, wamekuwa wakimfuatilia kwa setilaiti, na kipupwe cha huku kinamkuta bonde la Kongo. Wenzetu waliotoka Kongo wanaweza kuwasimulia watoto habari za nchi anakotoka ndege huyo vizuri kuliko mwongozaji yeyote.

Mwongozaji naye ana lake: anazoeza sikio. Atawasimamisha njiani, mnyamaze, hadi mtoto wa miaka saba aweze kutofautisha sauti mbili zilizokuwa kelele moja. Na kwa kuwa mwendo ni wa polepole, bibi na mjukuu hawaachani.

Tunaiomba kamati itenge Jumamosi moja ya Machi na kuwaandikia wahusika mapema, maana nafasi za matembezi ya kuongozwa hujaa. Mwenye darubini aje nayo tuazimane. Vaeni viatu vya matope na makoti mazito, na chai iwe chupani. Shukeni Tottenham Hale; kutoka stesheni ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu.