"Ajali Haina Kinga" na Garimoshi la Igandu

Ipo methali moja ambayo katika nchi yetu imegeuzwa mto wa kulalia wazembe: Ajali haina kinga. Husemwa makaburini, huandikwa magazetini, na sisi watunga mashairi tumeichakaza katika maombolezo yetu hata haina makali tena. Nadiriki kusema kwamba ikitajwa mbele ya chuma na magurudumu, methali hiyo ni uongo.

Tarehe 24 Juni, 2002, garimoshi la abiria lililotoka Dar es Salaam, likiwa na watu zaidi ya 1,200, lilisimama mlimani kati ya Igandu na Msagali, mkoani Dodoma. Breki hazikulizuia. Lilianza kurudi nyuma, likashika kasi mteremkoni, hata likagongana na garimoshi la mizigo. Watu 281 walikufa.

Mungu asisingiziwe. Mlima ule haukuhamia pale usiku ule. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo magarimoshi yameupanda mlima huo huo. Mwanafunzi wa fizikia aweza kutueleza mambo yalivyo: katika breki za hewa, bomba likijaa hewa breki huachia, na hewa ya bomba ikipungua breki hukamata. Lakini hewa iliyomo katika matangi ya mabehewa huvuja polepole. Ikiisha, kamato nalo hulegea. Ndiyo maana ipo breki ya mkono, zipo kabari za kutiwa chini ya magurudumu, na yupo mtu wa kuvikagua vyote hivyo. Kinga ipo, tena inalipwa mshahara kila mwezi!

Waingereza, ambao hatuna sababu ya kuwasifu ovyo, waliona msiba wa namna hiyo huko Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni, 1889. Mabehewa yaliyokatwa mlimani yalirudi nyuma, wakafa watu wapatao 80, wakiwamo watoto waliokuwa wakienda matembezi. Mwaka huo huo bunge lao lilitunga sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe katika magarimoshi ya abiria. Hawakuridhika na methali.

Mtu ataniuliza: wewe wa Nyegina, reli yakuhusu nini? Ni kweli, Musoma haina reli. Wazee wetu walipanda meli hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, au hadi Mwanza, ilikofika mwaka 1928. Lakini reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imezungumzwa kwa miaka mingi, na ikijengwa haitakwepa miteremko ya Bonde la Ufa. Watakaoiendesha huenda wamo madarasani mwetu sasa. Basi, ndugu mwalimu wa Kiswahili, utakapoiandika methali hiyo ubaoni, andika Igandu kando yake, kisha uwaulize wanafunzi wako ni nani hukagua breki kabla garimoshi halijaondoka stesheni, na ni nani humkagua yeye.