Tuliosoma na Bado Hatusomi

Wazazi wa Kisii na Nyamira hawahitaji mtu wa kuwaambia kwamba elimu ni mali. Hilo walilijua tangu Wakatoliki walipojenga Nyabururu na Wasabato walipopiga kambi Nyanchwa, na hawajaliacha hadi leo. Mtu yuko radhi kuuza ng'ombe wa maziwa, kukodisha kishamba cha chai na kuwaita jamaa kwa harambee ili binti aende Nyabururu, au mvulana apate nafasi Mosocho, Kisii School au Nyambaria. Ardhi ni finyu, vilima vimejaa watu, na wazee waliona mapema kwamba urithi unaoweza kuwatosha wana wote ni kalamu. Kwa hilo jamii hii inastahili heshima. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na ukweli ni kwamba tumejenga shule nyingi na kulea wasomaji wachache. Kijana akishaweka kalamu chini katika karatasi ya mwisho ya Kidato cha Nne, aghalabu huwa ameagana na vitabu maisha yake yote. Atasoma gazeti akilikuta kwa kinyozi, atasoma ujumbe wa simu usiku kucha, atasoma Biblia Sabato au Jumapili. Kitabu alichojichagulia mwenyewe, kwa hamu yake tu ya kutaka kujua, hana.

Tena hata vile vya shuleni, wengi hawakuvisoma. Walisoma mwongozo. Ingia katika duka lolote la vitabu mjini Kisii, Keroka au Nyamira, utaona rafu zimejaa vitabu vya kiada, karatasi za mitihani iliyopita, na miongozo ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, huku vitabu vyenyewe vikiwa vichache pembeni. Mwanafunzi anakariri maudhui, anakariri wahusika na sifa zao, anakariri mbinu za uandishi zimepangwa kwa nambari, naye hajawahi kufungua ukurasa wa kwanza wa riwaya ajue inaanzaje. Anaweza kukutajia sifa sita za mhusika asiyemfahamu. Mwenye duka simlaumu, kwa maana yeye huuza kinachoulizwa. Namlaumu mwalimu anayeingia darasani na mwongozo mkononi, na mzazi anayetoa pesa ya mwongozo bila kuuliza kitabu kiko wapi. Yule towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma garini alikutwa na Filipo, akaulizwa kama anayaelewa anayoyasoma. Naye Filipo alimkuta na chuo cha nabii mwenyewe, hakumkuta na muhtasari. Mfasiri alikuja baadaye, nasi tumemtanguliza mfasiri tukakiacha chuo.

Mwenzangu utauliza, basi mtu aanzie wapi, ikiwa vitabu vyenyewe havijui hata kwa majina? Anzia pale ulipo, umfuate mwandishi nyumbani kwake. Umesoma Nguu za Jadi kwa sababu Wizara imetaka. Sasa mtafute Momanyi yuleyule katika Tumaini na katika Nakuruto, ambazo hakuna mtahini atakayekuuliza habari zake. Nakuruto inahusu uharibifu wa mazingira, nami sijui watu wanaopaswa kuisoma kuliko sisi tuliopanda mikaratusi mabondeni kando ya kila kijito, tukauza nguzo na kuni, kisha tukashangaa chemchemi za babu zetu zimekwenda wapi. Umeipenda Bembea ya Maisha? Arege huyohuyo ana Chamchela na Kijiba cha Moyo. Kila mtu anamjua Ken Walibora kwa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, na tulimlilia alipofariki mwaka 2020, lakini ni wangapi wameisoma Nasikia Sauti ya Mama, aliyoandika juu ya maisha yake mwenyewe? Tunamlilia mtu ambaye maneno yake hatukutaka kuyasikia mpaka mwisho.

Ukishatoka nje ya ua wa mtihani utakuta nchi pana. Mpenda mafumbo amtafute Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na baadaye katika Kisima cha Giningi. Mpenda siasa asome Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, kisha aseme kama nchi inayoelezwa humo haifahamu. Mwenye kichwa kigumu anayejigamba kwamba hakuna kitabu kilichowahi kumshinda achukue Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, vitabu vyembamba kabisa, ajipime. Anayetamani kusafiri na hana nauli amsome Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani, habari za kijana aliyeondoka Zanzibar kutafuta elimu ughaibuni. Na akitaka ya kale zaidi, ajue kwamba mwaka 1896 Mswahili aitwaye Salim bin Abakari alifika Urusi mpaka Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoiita ya mtihani. Mtembezi hula miguu yake, lakini msomaji amefika Siberia bila kutoka Kebirigo.

Wapo pia walioandika kwa machozi. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka aliouliza ndani yake Kenya inaelekea wapi, akakaa gerezani miaka mitatu, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973 na kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, katika nchi ileile iliyomfunga mtunzi wake. Alamin Mazrui naye alitiwa kizuizini mwaka 1982, na baadaye tukapata Chembe cha Moyo. Vijana wetu wanaopenda kusema kwamba ushairi ni mgumu na hauna faida wangejua watu hawa walilipa nini kwa beti zao, wangeona haya kusema hivyo.

Sasa nije kwenye jambo zito, maana si kila faida ya kusoma ni kujiburudisha. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1992 na 1994, Gusii ilipita katika wimbi zima la watu kuchomwa kwa tuhuma kama hizo, na msomi Justus Ogembo akalichunguza, akaandika kitabu kizima, Contemporary Witch-Hunting in Gusii, kilichotolewa mwaka 2006. Kwa hiyo maradhi yetu yaliandikwa miaka kumi na mitano kabla ya Marani. Ni nani aliyekifungua? Ni mhubiri gani, ni chifu gani, ni mwalimu mkuu gani alikisoma akawaeleza watu wake kwamba moto huu una historia na una sababu zinazoweza kuzungumzwa? Umati hauulizi ni nani aliyeshuhudia. Umati unauliza kiberiti kiko wapi. Na hapa ndipo ninapoona uzito hata wa vile vitabu vinavyodharauliwa kuwa vya upuuzi. Mtu aliyemfuata Bwana Msa kurasa mia moja ameona wote waliokuwa na hakika wakiaibika, na aliyeuliza na kupima akiupata ukweli. Amezoea kusubiri ushahidi. Jamii yenye watu wengi wa namna hiyo haimtoi bibi wa miaka themanini nyumbani kwake usiku kwa neno la mtoto.

Historia yetu nyingine nayo imelala vilevile. William Ochieng' alichapisha kitabu juu ya Abagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974. John Akama na Robert Maxon walihariri kingine mwaka 2006 kuhusu utamaduni wetu unaotoweka. Tunaimba habari za Otenyo aliyemchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni, mwaka 1908, na za Moraa aliyewatia vijana moyo, na hapo ndipo maarifa yetu yanapokoma. Ni kweli vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi hawakioni kitamu. Basi na wale maprofesa wetu, ambao ni wengi, watuandikie kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Mwacha asili ni mtumwa, na asiyeandikiwa asili yake yuko njiani kuiacha.

Najua yatakayosemwa. Mcha Mungu mmoja atanifungulia Mhubiri sura ya 12, anionyeshe palipoandikwa kwamba kutunga vitabu vingi hakuna mwisho na kusoma sana huuchosha mwili. Nami namjibu kwa heshima kwamba aliyesema hayo alikuwa amesoma kwanza ndipo akachoka, nasi tumechoka kabla ya kuanza. Paulo akiwa kifungoni, akingoja kifo, alimwagiza Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Mwingine atasema hadithi ni uongo, na Mkristo hana kazi na uongo. Nathani alipotaka kumkemea Daudi hakumsomea amri. Alimsimulia habari za maskini na mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Mwokozi mwenyewe aliwafundisha makutano kwa mifano. Anayeikataa hadithi kwa kuwa ni hadithi amekataa njia ambayo mbingu zenyewe hazikuidharau.

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: pesa hakuna. Ni kweli kitabu ni ghali, na kwa mjane wa Nyamache anayechuma majani ya chai kwa kilo, bei ya riwaya ni unga wa siku kadhaa. Kwake sina la kulaumu, na ninachodai ni kwamba maktaba ya umma mjini Kisii ipate wenzake Ogembo, Keroka, Ekerenyo na Nyansiongo, kwa maana kaunti zetu mbili zina wajibu huo na hazipaswi kubembelezwa. Lakini wengi wetu si wajane wa Nyamache. Wainjilisti wa vitabu wa Kisabato wamepanda na kushuka vilima hivi miaka mingi wakiuza vitabu mlango kwa mlango, na watu wamenunua, wengine kwa mafungu. Aliyeona thamani hupata bei. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na nikitaja pesa siwezi kunyamazia mazishi. Tazama tunavyomzika mzee siku hizi: mahema ya kukodi, vipaza sauti vya kusikika kijiji cha tatu, magari ya kuleta waombolezaji, na programu ya mazishi iliyochapishwa kwa rangi kwenye karatasi ya kung'aa, ukurasa baada ya ukurasa wa picha. Ndani yake kuna wasifu wa marehemu wa kurasa mbili: alizaliwa, akaoa, akaajiriwa, akaugua. Mtu aliyeishi miaka tisini, aliyeona mkoloni akiondoka, aliyepanda chai ya kwanza kijijini kwake, aliyejua mipaka ya koo zote, anamalizwa kwa kurasa mbili zitakazofungiwa mandazi juma linalofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siti binti Saad alizaliwa mtoto wa kimaskini, akauza vyungu, akawa mwimbaji aliyetia sauti katika santuri; Shaaban Robert hakusubiri mtu mwingine afanye kazi hiyo, akamwandikia wasifu uliotoka mwaka 1958, na ndiyo maana leo tunamjua. Sehemu ya gharama hizo za mazishi ingetosha kumlipa kijana wa chuo kikuu akae na mzee miezi miwili, amsikilize na kuandika, angali hai. Tunawaheshimu wazee wetu wakiwa ndani ya jeneza, na hiyo si heshima waliyotufundisha.

Tusijidanganye kwamba neema imetupita. Pale Chuo Kikuu cha Kisii kuna Christopher Okemwa, mshairi aliyeanzisha tamasha la Kistrech, linalowaleta washairi wa mabara mengine mpaka mji huu wa matunda na mawe ya Tabaka wasome mashairi yao. Watu wanapanda ndege kuja kwetu kusikiliza neno lililoandikwa, nasi tulio hapa Daraja Mbili hatuvuki barabara. Penye miti hapana wajenzi, lakini aibu hii inaondoleka, kwa maana watoto wetu wana akili na wazazi wetu hawaogopi gharama wakishaaminishwa.

Basi nawaomba walimu: siku ya kutuza wanafunzi bora, waacheni waliozoea kutoa sufuria na mablanketi watoe, lakini kila mshindi aondoke pia na kitabu kisichokuwamo katika silabasi. Nawaomba wachungaji na mapadri: tengeni kabati moja nyuma ya kanisa, na kila muumini aliyesoma kitabu kizuri akiache humo. Nawe mzazi wa Kebirigo, Kiamokama au Sanganyi, bonasi ya chai ikiingia, kabla haijamalizwa na madeni, mpe mwanao pesa ya kitabu kimoja, uende naye dukani. Mwenye duka akikuletea mwongozo, urudishe, umwambie akuagizie Nakuruto.